Muhtasari wa Karani Asajile

Asajile alikuwa na kipaji kimoja, na kipaji hicho ndicho kilichomponza. Alijua kuandika muhtasari. Tangu atoke kwao Tukuyu mwaka sabini na nne kuja Sumbawanga kuwa karani wa mradi wa mashamba ya ujamaa, hakuna kikao kilichozidi ukurasa mmoja mikononi mwake. Watu wangebishana tangu asubuhi hadi chai ipoe, mmoja akatoka nje kwa hasira, lakini kesho yake ungesoma: "Baada ya majadiliano, kikao kiliafiki kwa kauli moja." Safi kama shati la Jumapili. Mwenyekiti alimpenda kwa hilo, na alikwisha kumwahidi nafasi ya kwenda kusoma Dar es Salaam.

Kikao cha Oktoba kilihusu shamba jipya la mahindi kule bondeni, chini ya Milanzi. Mwenyekiti alitaka mistari iliyonyooka juu ya ardhi tambarare, ili wageni wakipita barabarani waone maendeleo. Akasimama Zenon, bwana shamba, Mfipa wa hapohapo, mtu mpole asiyependa makuu.

"Ndugu Mwenyekiti, pale maji yanatuama. Wazee wetu wanafukia majani, wanainua ntumba, vile vilima vya udongo, ndipo wanapanda juu yake. Tukilima sesa, yaani bila kuinua udongo, mwezi wa pili mahindi yote yatakuwa njano. Mimi kama mtaalamu sikubali."

Alisema kwa robo saa nzima, akitaja hadi kina cha maji. Mwenyekiti akajibu kwamba amesikia, tuendelee. Asajile akaandika sentensi yake ileile.

Zenon alipousoma muhtasari alikuja mezani kwake. "Asajile, mdogo wangu, mbona neno langu silioni?"

"Kaka, muhtasari si redio ya kurudia kila kitu. Na ukilidai kikaoni, mzee ataona unampinga mbele za watu. Mimi si nilikuwepo? Likizuka jambo, nitakusemea."

Zenon alimwamini. Kwa nini asimwamini? Ndiye aliyempokea mgeni huyu akitetemeka kwa baridi ya Ufipa, akampa blanketi, na mkewe Dominika akamlisha ugali wa ulezi mwezi mzima bila kuguna. Kikao kilichofuata, muhtasari ulipothibitishwa, Zenon alinyoosha mkono pamoja na wenzake.

Mwezi wa pili ulipofika, mahindi yakawa njano shamba zima, na wanakijiji waliohamishiwa pale hawakuwa na kingine cha kutegemea. Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mtaalamu alikuwa nani? Zenon akasema alikataa, karani aulizwe. Faili likafunguliwa.

"Ndugu karani, muhtasari huu ni sahihi?"

Neno moja tu lilitakiwa, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini Mwenyekiti alikuwa akimtazama, na Dar es Salaam ilikuwa imebakiza miezi miwili. Isitoshe, akikiri kwamba ukurasa huu una kasoro, watauliza kuhusu kurasa nyingine zote.

"Ni sahihi," akasema.

Zenon aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyeona haya kwa niaba ya mwenzake.

Kikao cha Machi kiliitishwa ili kumwachisha Zenon kazi. Asajile hakuwa amelala vizuri kwa wiki mbili, na asubuhi hiyo alikuja na karatasi kumi, amekata shauri: lolote atakalolisema Zenon leo ataliandika neno kwa neno, hata akimtaja yeye kwa jina, hata likimrudisha Tukuyu kulima migomba. Alitamani kabisa atajwe.

Mwenyekiti alisoma barua ya kuachishwa, kisha akauliza, "Ndugu Zenon, una lolote la kusema?"

Zenon alimtazama Mwenyekiti. Kisha akamgeukia Asajile, akaitazama ile kalamu iliyokuwa tayari.

"Sina," akasema.

Asajile alisubiri. Alisubiri hadi watu wakaanza kusogeza viti. Ndipo akaandika: "Mhusika alipewa nafasi ya kujieleza, hakuwa na la kusema." Ulikuwa ukweli mtupu, na aliuandika akitamani uwe uongo.