Elifuraha wa Kwenye Simu

Tekla alisimamisha Vitz yake, teksi ya kuitwa kwa simu, mbele ya duka la pembejeo, Usa River, akashusha kioo. Abiria hakupanda. Alisimama na mzigo wake wa vitenge miguuni, akitazama simu, kisha namba ya gari, kisha dereva.

"Umemfuata nani?" akauliza.

"Faudhia."

"Na wewe ndiye Elifuraha? Huyu wa kwenye simu ana ndevu."

"Huyo ni mume wangu. Mimi naitwa Tekla. Usipotaka kupanda, sikulaumu."

Maswali hayo hayo ndiyo aliyomfundisha binti yake, Sia, anayesoma chuo pale Tengeru: sura isipofanana na ya kwenye simu, usipande, hata kama mvua inakunyeshea. Faudhia alichungulia ndani, akafikiri kidogo, akapakia mzigo.

Njiani Tekla alimweleza bila kubembeleza. Elifuraha aliteleza shambani Akheri wakati wa masika, akavunjika nyonga, na hadi leo hajasimama. Leseni ya Tekla ni halali. Mara tatu amepeleka maombi kwenye ofisi ya mtandao wa teksi asajiliwe yeye, na mara tatu pale dirishani wamemjibu kwamba gari hilo lina dereva tayari. Mwenye akaunti aje mwenyewe, kwa miguu yake, ajiondoe.

Tengeru wakasimamishwa. Wiki hiyo askari walikuwa wakikagua madereva wa mtandaoni wanaofanya kazi kwa majina ya wengine. Kijana wa trafiki aliomba simu, akaitazama picha, akamtazama Tekla, akakuna shingo. Akataja faini, gari kulala kituoni, akaunti kufungwa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiyataja tangu alfajiri. Kisha akainama kwenye kioo cha gari.

"Mama, Elifuraha ni jina la kike na la kiume. Sema ni wewe, mimi nitaandika picha ni ya zamani. Uende zako."

"Ya zamani, nilipokuwa na ndevu?"

Faudhia alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Askari hakucheka. Alisema anamsaidia tu, na magari mengine yanasubiri.

Tekla alishika usukani. Gari hili ndilo lililokuwa likimtibu Elifuraha na kumweka Sia chuoni. Likilala kituoni, hana jingine. Neno moja tu lingetosha kulitoa hapo. Akamfikiria Sia kando ya barabara, akimuuliza dereva jina lake na kuliamini jibu.

"Naitwa Tekla Kaaya," akasema. "Andika."

Askari akashusha pumzi, akaweka karatasi juu ya boneti. Tekla akashuka, akasimama karibu naye, akafuata kalamu kwa macho. Jina lilikuwa sawa. Kwenye nafasi ya kazi, kijana aliandika: mama wa nyumbani.

"Futa hapo, afande."

"Itakusaidia nini, mama?"

"Dirishani wamekataa mara tatu kuniandika dereva. Wewe umenikamata naendesha. Kosa ni la dereva, au ni la mama wa nyumbani?"

Faudhia, akishusha vitenge vyake, akaguna kukubali. Askari aliwatazama wote wawili, akakata maneno yale kwa mstari, akaandika juu yake: dereva.

Tekla alilisoma neno hilo polepole, akatia sahihi kubwa iliyovuka mstari. Ndipo akampa askari funguo za gari.