Nia ya Misa kwa Timu ya Minamizaki

Kila Jumapili ya tatu ya mwezi, kabla padri hajaanza misa, katekista Vitalis alisoma nia za waumini: marehemu wa ukoo huu, mgonjwa wa ukoo ule, kisha, bila kupepesa macho, "na timu ya Minamizaki ya Japani, isishuke daraja." Mwanzoni watu walicheka. Kufikia Septemba hakuna aliyecheka tena. Waliitikia "twakuomba utusikie" kwa sauti ileile ya kuombea mvua.

Nia hiyo aliitoa Joakim, mkulima wa kahawa wa milima ya Mbinga. Mwanawe Pankras ndiye aliyekuwa beki wa kati wa Minamizaki. Alitoka uwanja wa Mbinga akaenda Songea, akaenda Dar es Salaam, akapaa. Mwaka wa tatu sasa hajarudi. Wakati wa Pasaka aliandika kwamba timu ikibaki daraja la kwanza atasaini miaka mingine miwili. Ikishuka, wageni wote wataachwa warudi makwao.

Joakim akaenda kwa katekista. Mkewe, Kunigunda, hakwenda kokote. Alipiga magoti kando ya kitanda akaomba timu ya mwanawe ifungwe.

Na ikafungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini. Kocha alifukuzwa, akaja mwingine, naye akafukuzwa. Barua zilichukua wiki tatu, pengine nne, hata kanisa zima likawa linaombea mechi zilizokwisha kupotea. Vitalis alipoulizwa alijibu kwamba Mungu hangoji posta.

Joakim alizisoma barua hizo barazani, na kila mwezi sauti ilipungua. Kunigunda alimenya kahawa bila kuinua uso, maana furaha yake ilimtia aibu. Ni mama gani huyo anayeshangilia mwanawe akipigwa mabao manne? Hata kitubioni dhambi hiyo aliiruka.

Sokoni Mbinga, Winifrida wa Kihagara, kule ziwani, muuza usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, hakumwacha apite salama.

"Mama Pankras! Wajapani wenu wamelala tena?"

"Wamelala."

"Ninyi Wamatengo mnawaombea huku mmeshiba maharage, ndiyo maana hawakimbii! Wapelekeeni usipa."

"Wapelekee wewe, mtani. Si umezaliwa majini? Ogelea."

Watu walicheka. Kunigunda alifunga fundo la kanga yake akaenda zake, amechoka kama aliyecheza dakika zote tisini.

Desemba mvua ilipokolea walikuwa shambani wakipanda mahindi kwenye matuta ya ngolo, yale yanayozunguka mashimo ya kushikilia maji mlimani. Joakim alikuwa ametoka mjini na barua mfukoni. Alisimama katikati ya tuta akaifungua.

"Tumeshuka," alisoma.

Moyo wa Kunigunda uliruka. Akauzuia mdomo. Akaanza kupanga: chumba cha nyuma kipakwe udongo, kitanda kitafutwe kirefu.

"Endelea, Baba Pankras."

"Wageni wenzangu wawili wameondoka. Mimi nimewaomba wanibakize, wamekubali." Joakim aligeuza karatasi. "Kanisa zima limetuombea mwaka mzima. Nitaingiaje kwenye mlango ule na timu iliyoshuka? Nitakuja nikishaipandisha."

Mvua nyembamba ilianza kudondoka kwenye karatasi. Joakim aliikunja, akaketi juu ya tuta bila kujali mbegu. Katika mwaka huo alikuwa amekonda, mashati yake yote yalikuwa makubwa.

Kunigunda aliketi upande wa pili wa shimo.

"Mimi nilikuwa naomba wafungwe," alisema.

"Nani wafungwe?"

"Wao. Minamizaki."

Joakim alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nilitaka mtoto arudi."

"Mechi zote?"

"Zote."

Alingoja afokewe. Joakim aliinama, mabega yakatikisika. Mkewe alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu kisicho na nguvu, akaishia kukohoa.

"Padri, katekista, kwaya nzima, na kuku wangu wawili wa sadaka," alisema. "Kumbe sote tulikuwa tunashindana na wewe peke yako."

"Nisamehe."

"Nami ndiye niliyemtangaza madhabahuni hadi akaona haya kurudi." Alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Basi mwakani tuombe pamoja."

"Tuombe nini?"

"Wapande."

"Wakipanda watamsainisha tena."

"Basi wasipande."

"Wasipopanda haji."

Joakim aliirudisha barua mfukoni. Walikaa wakitazamana, kila mmoja upande wake wa shimo. Hatimaye mzee alijikongoja akasimama, akapiga jembe tutani, na mkewe akaangusha punje tatu za mahindi.