Ruhusa ya Kwenda Shoo

Mara ya kwanza Elieza alipomuua bibi yake ilikuwa Ijumaa, baada ya kipindi cha Jiografia. Alimuua kwa wino wa bluu, katika barua aliyoiandika kwa kuiga mwandiko wa baba yake mdogo, kwa maneno mazito kama ya mwinjilisti: marehemu ameugua kwa uvumilivu, mazishi ni kesho, mwanafunzi aruhusiwe. Mwalimu wa zamu alimpa pole na siku mbili. Jumamosi saa tisa mchana marehemu alikuwa kijijini Nkoaranga akipalilia kahawa, na mfiwa alikuwa Arusha mjini, amekaa juu ya ukuta wa uwanja, akitazama shoo ya bendi kutoka Dar es Salaam.

Siku zile neno 'shoo' lilikuwa bado linanukia duka, kama viatu vipya. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, redio na runinga zimejaa mjini, na kila kitu kilikuwa shoo: bendi shoo, sarakasi shoo, hata deki ya video chini ya turubai pale Maji ya Chai, nayo ilikuwa na shoo ya saa nane. Bwenini, asiye na shoo ya kusimulia Jumapili alihesabiwa hana maisha. Kwa hiyo muhula wa pili Bibi akafa tena, safari hii akiitwa bibi wa upande wa mama. Mwalimu alipokuja kugundua, Elieza alilambwa viboko sita na kupata heshima isiyo na kifani.

Barua ya tatu hakuiandika yeye.

Ililetwa na kondakta wa basi mwezi wa kumi. Ilisema Philemoni, baba yake Elieza, amefariki ghafla shambani.

"Enhe," mwalimu alimwambia ofisini, "sasa umemfikia mzee?"

Elieza akaisoma, akacheka. Alijua hiyo ni kazi ya Lerionka, anayelala kitanda cha juu yake. "Siyo mimi, mwalimu. Mimi nisingeandika 'ghafla'. Ghafla ni uvivu."

Akapewa viboko vinne na nyasi za nyuma ya bwalo. Alifyeka siku tatu huku akiimba. Siku ya nne baba mdogo Nathanael akafika mwenyewe na pikapu, viatu vimeganda udongo. Hakumgombeza. Alisema tu, "Tulikusubiri mpaka saa kumi."

Mkanda wa mazishi ulitazamwa likizo ya Desemba. Nathanael, muuza spea mjini, alikuwa amekodi mpiga video, maana ndivyo watu wenye uwezo walivyoanza kuzika. Alipandisha runinga, deki na jenereta hadi Nkoaranga. Ukoo ukatazama nusu, ukalia, kisha ukatoka uani kula. Sebuleni wakabaki wawili: Elieza na Bibi Susana, mama yake Philemoni, yule yule aliyekwisha kufa mara mbili.

"Elieza."

"Naam, Bibi."

"Nasikia uliniua."

"Mara mbili, Bibi."

"Mbili! Niliumwa nini?"

"Kwanza kifua. Halafu presha."

"Presha sina. Ili uende wapi?"

"Shoo."

"Ndiyo nini hiyo?"

Neno lile alikuwa amelieleza mbele ya bweni zima, kwa mikono na viuno. Sasa aliikalia mikono. "Watu wanakusanyika, Bibi. Kunakuwa na vipaza sauti. Mmoja yuko mbele, wengine wanamtazama."

"Kama hivi?" Bibi alielekeza kidevu kwenye runinga, ambako jeneza lilikuwa likishushwa.

"Hapana. Kule watu wanafurahi."

"Na wewe ulifurahi?"

Uongo ulikuwepo, mlaini, tayari ulimini. Elieza akauacha. "Nilifurahi sana, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Kwenye runinga kipaza sauti kilikoroma: "Mtoto wa kwanza wa marehemu, Elieza, aje aweke udongo." Vichwa viligeuka. Kamera nayo ikageuka, ikaitazama njia inayopanda katikati ya migomba, ikangoja. Kuku mmoja alikatiza. Hakuja mtu.

Kamera iliporudi, Bibi alikuwa ukingoni mwa kaburi na kitenge chake cha kanisani. Akainama, akatupa kiganja cha udongo. Watu wakadhani amemaliza, wakanyoosha mikono kumpokea. Akaisukuma. Akashika goti lake bovu, akainama tena, akachota kiganja cha pili.

Elieza hakuwahi kuambiwa habari ya kiganja cha pili.

"Kile kilikuwa cha nani, Bibi?"

"Si ulikuwa shule," alisema Bibi.

Nje Nathanael alipaza sauti kwamba mafuta ya jenereta yanakaribia kuisha. Elieza alipiga magoti mbele ya deki, akabonyeza kurudisha nyuma. Udongo ukapanda kutoka kaburini, chembe kwa chembe, ukarudi mkononi mwa Bibi. Hapo akasimamisha. Picha ikatetemeka, lakini ikakaa: mama mzee ameinama, kiganja kimejaa, hajatupa bado.