Wiki Tatu za Mashuka Makavu

Mimi mdomo wangu hauna breki, na simfichi mtu. Baba mkwe wangu ndiye aliyenipa jina la Redio, siku ya pili tu baada ya kuolewa, nilipokuwa nimemsimulia habari za kwetu zote kabla chai yake haijapoa. "Mwanangu ameoa redio," akamwambia mume wangu, "na haina pa kuzimia." Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Na mimi nilimwita Baba, tena kwa moyo, maana wa kwangu nilimzika nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki vizuri.

Baba alikuwa kinyozi. Miaka arobaini alisimama nyuma ya kiti kilekile, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mfukoni. Alikuwa nadhifu wa kukera. Ukimpa kikombe, kwanza anakiinua atazame chini yake. Alipopatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala, kitu cha kwanza alichoomba hospitalini kilikuwa wembe na kioo. Nikamwambia, "Baba, unamnyolea nani humu?" Akanijibu mdomo ukiwa umepinda, "Wauguzi wana macho, Redio."

Tukamchukua kwetu. Tunakaa ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na jiko. Mume wangu ni dereva wa lori, anaondoka Jumatatu na akiwahi sana anarudi Ijumaa. Mimi niko kwa dobi, chumba cha nyuma, kwenye mashuka: ya hoteli, ya zahanati, ya nyumba za wageni. Natia kwenye mashine, natoa, nanyoosha, nakunja, basi, mpaka saa kumi. Kwa hiyo mchana Baba alibaki peke yake kitandani, chini ya dirisha la uani, na simu karibu, na jagi la maji kwenye meza ndogo upande wa mkono wake mzima.

Jagi lile sikulifanyia mzaha. Kliniki walinikalisha wakaniambia: mtu wa umri huu kiu humpotea, asingoje mpaka aione. Anywe lita moja na nusu kwa siku, maji safi, kidogo kidogo, na kwa vidonge vya presha anavyomeza ndiyo asikose kabisa. Nikachemsha kila jioni, asubuhi nikachuja, nikajaza. Nikachora mistari kwenye jagi kwa kalamu ya wino mzito: hapa uwe umefika saa nne, hapa saa sita, hapa saa tisa. Chini kabisa nikaandika "Hongera". Baba alipouona alisema hajapata kupewa mtihani mwepesi namna hiyo.

Sasa maji yakiingia lazima yatoke. Chupa ya kukojolea tulimwekea, lakini kwa mkono mmoja, tena unaotetemeka, mara nyingi ilimponyoka. Nikirudi nakuta shuka limelowa chapachapa, na Baba amegeukia ukutani anajifanya kalala. Kinyozi aliyekuwa hawezi kuvumilia unywele mmoja kwenye shingo ya mteja. Namwambia, "Baba, nipishe nigeuze kitanda," hanijibu. Mimi natazama kule, yeye anatazama huku, mpaka nimalize. Halafu ndio anaanza kunitania tena, kama vile tumeonana sasa hivi.

Sikuwa nachukia. Nasema haya mapema kwa sababu najua mtakavyonifikiria.

Ile siku mashine kubwa ya kazini iliharibika asubuhi. Tulifua kwa mikono mashuka mia na ishirini, watu wanne. Nikarudi nyumbani mgongo si wangu. Shuka la Baba limelowa, la akiba limelowa, hata blanketi. Nikabeba yote nikashuka nayo uani, kwenye karo la kufulia, ambalo liko chini ya dirisha lake.

Mshonaji alikuwa amekaa nje anatia vifungo. Huyu mama anakaa chumba cha chini yetu, cherehani yake iko dirishani, na tulikuwa tunaelewana sana. Aliniona nilivyojitwisha, akasema tu, "Pole, shoga." Pole hiyo ikanifungulia bomba. "Pole ya nini," nikamwambia. "Nafua mashuka ya dunia nzima mchana kutwa, nikirudi nafua ya mzee anayekojoa kama ng'ombe. Mungu anisamehe, hii mikono itakatika kabla yeye hajafa." Mshonaji akacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa hasira ya uchovu, hata kuanika sijamaliza ilikuwa imeshanitoka.

Dirisha la juu lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi siku zote, mimi mwenyewe nililifungua kila asubuhi apate hewa.

Kesho yake nilikuta shuka kavu. Jagi tupu, shuka kavu. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne nilimwuliza, akasema ameipatia ile chupa, kumbe ni suala la kuibana kwa goti. Ndani ya chupa mlikuwa na mkojo kidogo, wa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nikafurahi mpaka nikampigia mume wangu simu barabarani: mzee anapata nafuu. Wiki ilipoisha nilimshika Baba bega nikamwambia, "Hongera sana, Baba. Wiki nzima hujanitia kazini." Akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu.

Mimi ndiye niliyempa hongera. Hilo neno likinijia nikiwa nafua, huwa naacha kufua.

Wiki ya pili Mshonaji akanigongea mlango. Alikuwa na kitambaa cha sare za shule mkononi, kina alama ya maji. "Shoga," akasema, "kuna maji yanateremka ukutani kutoka kwenu, karibu kila siku, saa nne hivi na mchana. Yameniingilia dirishani. Hebu angalia kwenu."

Mtu mwenye akili angeangalia. Mimi damu ilinichemka. Nilisikia kwamba anamwita mzee wangu mchafu, kwamba mzee anamwaga mkojo dirishani. Nikampasha hapo hapo mlangoni. Nikamwambia mtu asiyeweza hata kukaa bila mto atamwagaje maji, kwamba bomba lake lina kutu na jicho lake lina husuda, na kwamba asinipandie tena ngazi. Akanitazama. "Sijasema mkojo," akasema polepole. "Nimesema maji." Nikafunga mlango. Chumbani Baba aliniita, "Redio, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, ni yule mshonaji na umbea wake.

Tulinuniana siku kumi, mimi na Mshonaji, tukikutana karoni kila mtu anatazama ndoo yake. Katika siku hizo kumi midomo ya Baba ilipasuka, nikampaka mafuta. Alianza kulala mpaka mchana, nikasema ni uzee. Akaniita kwa jina la marehemu mama mkwe, nikasema ni kumbukumbu. Kila jambo nililipatia jibu. Jagi lilikuwa tupu kila jioni, na "Hongera" ilikuwa inasomeka vizuri chini kabisa, kwa hiyo maji hayakunijia akilini hata mara moja.

Alhamisi asubuhi nilipomwinua ili anywe uji, shingo ilimlegea. Aliniangalia bila kuniona. Nilipiga kelele, na aliyekuja wa kwanza alikuwa Mshonaji, hata viatu hajavaa. Alimshika miguu, mimi nikamshika mabega, tukamteremsha ngazi. Alikuwa mwepesi. Kwenye teksi, njia nzima ya hospitalini, mkono wake ulikuwa juu ya wangu.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimfinya Baba ngozi ya mkono, ikabaki imesimama vile alivyoifinya. Akamtazama ulimi. Akauliza, "Anakunywa maji?"

"Jagi zima kila siku," nikasema. "Lita moja na nusu. Ninachora mistari."

"Mama, huyu hajapata maji ya kutosha kwa muda mrefu. Figo zimesimama."

Nikamwakia. Nikamwambia mimi ndiye ninayemlea, yeye amemwona sasa hivi, asinifundishe. Sauti yangu ilijaa ukumbi mzima. Mshonaji akanishika kiwiko. "Shoga," akasema, "mweleze daktari kuhusu ule ukuta."

Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaliona dirisha, na meza ndogo, na mkono wake mzima, na mimi niko chini karoni nacheka. Nikakaa sakafuni, hapo hapo ukumbini, watu wakanizunguka wanadhani mgonjwa amekwisha.

Walimtundikia dripu. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba ile mashine ya kusafisha damu moyo wake hautaihimili, kwa hiyo wanampa maji ya mshipani kwa kipimo na kusubiri. Mkojo ukitoka, figo zimeamka. Usipotoka, ndiyo basi. Mpira wa mkojo walimwekea akauchomoa, wakauweka tena akauchomoa tena. Muuguzi akaniambia, "Basi wewe kaa naye. Ukiona shuka limelowa, niite mbio."

Nilikaa. Kazini nilituma ujumbe kwamba sirudi mpaka nitakaporudi. Kila baada ya dakika chache nilipitisha mkono chini yake, nikalipapasa lile shuka. Nilikuwa nafanya kazi ya mashuka tangu nikiwa msichana, naweza kukuambia kwa vidole kama limebakiza unyevu wa nusu saa au wa saa nzima. Lile lilikuwa kavu. Ijumaa asubuhi kavu. Ijumaa mchana kavu. Mume wangu alifika na vumbi la safari, akasimama miguuni kwa baba yake, akaniuliza, "Vipi?" Nikatikisa kichwa. Nilimweleza yote, maneno ya karoni neno kwa neno, sikuruka hata moja. Hakunigombeza. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akavuta kiti upande wa pili. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Baba alifumbua macho, akanitambua.

"Redio," akasema.

"Naam, Baba."

"Mbona kimya?"

Nikamwuliza tu lile lililokuwa linanichoma. "Baba, kwa nini ulikuwa unamwaga maji?"

Alivuta pumzi mara mbili tatu kabla hajajibu. "Si ulitangaza mwenyewe," akasema. "Mikono imechoka."

"Nilikuwa natania, Baba. Yalikuwa maneno ya uchovu. Wallahi sikumaanisha."

"Najua. Lakini ulikuwa umechoka kweli." Alipumzika kidogo. "Nilikuwa nakunywa funda moja, la vidonge. Mengine yalikuwa kazi kuyainua mpaka dirishani, lile jagi zito. Nikapiga hesabu, nikaona funda moja linatosha."

Kinyozi mwenye mkono mmoja unaotetemeka, akainua jagi la lita moja na nusu mpaka dirishani, asubuhi kidogo na mchana kidogo, afuate mistari yangu nisije nikashtuka. Aliweza kulifanya hilo kila siku kwa wiki tatu. Kulipeleka mdomoni kulikuwa rahisi zaidi.

Nikamwinamia sikioni. "Baba, nisikilize. Kojoa. Kojoa hapa hapa, kwenye shuka, mimi nitafua. Nitafua kila siku, asubuhi na jioni, nakuapia sitasema neno tena maisha yangu yote. Nakuomba, Baba yangu." Sikujua kama nasema kwa nguvu. Wodi yote ilikuwa imegeuka, mume wangu amejifunika uso.

Baba alitazama huku na huku, akawaona wale watu. "Mbele za watu, mwanangu?" akasema. Kisha mkono wake mzima ukateremka pembeni, ukapapasa shuka taratibu, kama nilivyokuwa nikilipapasa mimi. "Limelowa?"

Ningemdanganya, sijui kama ingesaidia. Lakini alikuwa ameshaligusa mwenyewe. "Hapana, Baba. Ni kavu."

"Vizuri," akasema. Uso wake ulipoa kabisa. "Basi leo pumzika."

Akafa saa tisa mchana. Mume wangu alimfunga kidevu, mimi nikamnyoosha mikono. Muuguzi alipokuja kutandua nilimwambia lile shuka aniachie, nitalifua mwenyewe kabla sijaondoka. Alilikagua upande huu na upande ule, akalikunja mara mbili, akaniambia kwa upole kwamba hakuna cha kufua.