Vumbi la Kikapu cha Tatu

Adhuhuri ile tanuri lilitufia mikononi. Tangu alfajiri mimi na kaka yangu Rugambwa tulikuwa tukipokezana mivukuto, na makaa yalikuwa yakiitika vizuri. Ghafla moto ukaanza kukohoa. Hewa tuliyoisukuma kwenye mirija ya udongo ikaturudi usoni, na lile jicho dogo jekundu la moto chini ya tanuri likafifia, likazimika. Rugambwa aliendelea kuvukuta bure. Wazee waliokuwa wameketi kando wakitafuna buni za kahawa, wakaacha kutafuna.

Sababu naijua, kwa kuwa sababu ni mimi. Mawe ya chuma huchomwa, kisha hupondwa yawe kama punje za maharage, halafu hupetwa kwa ungo mpaka vumbi lote litoke. Punje huacha nafasi, upepo ukapenya kati ya makaa. Vumbi huziba kila upenyo, na tanuri likakosa pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Kazi ya kupeta ilikuwa yangu. Vikapu viwili nilivipeta kama inavyotakiwa. Cha tatu nilikitazama, nikalitazama na wingu lililokuwa likipanda kutoka ziwani, nikajiambia: kwani vumbi la chuma si chuma? Nikakimimina hivyo hivyo. Uvivu wangu haujawahi kukosa hoja.

Ingekuwa siku nyingine, tungecheka tukaanza upya. Lakini majembe ya Wazungu yalikuwa yamejaa madukani Bukoba, na vijana walikuwa wakiiita kazi yetu mchezo wa udongo. Rugambwa alikuwa amewaalika wazee wa kijiji cha Ijuganyondo waje waone chuma cha ukoo wetu kikizaliwa. Na chuma hicho kina miiko yake: mfua chuma hamkaribii mwanamke siku saba, wala mwanamke halisogelei tanuri. Kwa hiyo tanuri likifa, hakuna anayeuliza habari za vumbi. Wanauliza nani kalala na nani.

"Kemilembe ameonekana asubuhi mwisho wa kibanja cha migomba, karibu na hapa," alisema mzee Mwijage, mkubwa wa ukoo.

Kemilembe, mke wa kaka yangu, aliitwa. Akapiga magoti.

"Nilileta ndizi, waitu, wazee wangu. Niliziweka chini ya mgomba, nikarudi. Sikuvuka kuja tanurini."

"Mwiko haupimwi kwa hatua, mwanangu," akasema mzee Mwijage.

Rugambwa alikuwa akitazama miguu yake. Nikasimama.

"Tata, baba wa ukoo, kosa ni langu. Sikukipeta kikapu cha tatu. Vumbi ndilo lililoua tanuri."

Nilidhani nimemwokoa. Mzee Mwijage alinitazama, akamtazama Kemilembe, akanirudia mimi, na nikaona wazo likimwingia polepole kama panya aingiavyo ghalani.

"Mujuni," akauliza kwa upole, "tangu lini mwanamume akabeba lawama ya mke wa nduguye bure?"

Mguno ukapita kati ya wazee. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kumzamisha. Nilisema vumbi, wao wakasikia mapenzi. Mwishowe Kemilembe mwenyewe alinigeukia.

"Shemeji, nyamaza. Nakuomba, nyamaza."

Nikaketi.

Kesho yake, kwa amri ya wazee, Kemilembe alirudishwa kwao Ngenge, mwendo mrefu wa kupita Muleba, akiwa na kitita kimoja kichwani. Mtoto ni wa ukoo, kwa hiyo Alistidia, binti yao wa miaka mitatu, alibaki. Alimsindikiza mama yake hadi mwisho wa kibanja, pale pale zilipowekwa ndizi, akidhani mama anakwenda kisimani. Alipunga mkono kwa furaha. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba, mtu mzima mwenye mikono miwili, nisiyekuwa na la kufanya.

Siku ya tatu nilibomoa tanuri. Kwenye mdomo wa mrija nikakuta bonge la ukubwa wa ngumi: vumbi jekundu lililogandamana na makaa, halikuyeyuka wala halikuungua. Nililikimbiza kwa Rugambwa, aliyekuwa ameketi mlangoni pake. Akalipokea, akaligeuza, akalikwangua kwa ukucha. Vumbi likammwagikia gotini.

"Twende kwa mzee Mwijage," nikamwambia. "Wewe ndiye fundi. Wewe watakusikia."

"Nililijua siku ile ile. Niliingiza kijiti kwenye mrija, kikagota."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema ni vumbi, wangesema Rugambwa hajui hata kupeta mawe. Wangeondoka pale moja kwa moja kwenda kununua majembe dukani." Akaligeuza tena lile bonge. "Na sasa wazee wameshasema, Mujuni. Amekwisha kwenda."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia naye. Sikufanya moja wala jingine, maana aliyelimimina lile vumbi si yeye.

Alistidia akatoka ndani akiburuta ungo wa mama yake.

"Tata, mama anarudi lini?"

Rugambwa alilivunjavunja lile bonge, akamwekea vipande kwenye ungo achezee. Mtoto akaketi chini, akakunja miguu kama alivyomwona mama yake akifanya, akaanza kupeta.