Rimiksi ya Shemeji

Shemeji yangu ni fundi friji, na kwa friji sina la kumsema. Ukimpelekea friji iliyokataa kugandisha, ataweka sikio mgongoni mwake, atasikiliza kidogo, kisha atakwambia kama gesi imevuja au mota imechoka, na mara nyingi hakosei. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Alidhani sikio la friji na sikio la muziki ni kitu kimoja.

Tangu utotoni alikuwa na mchezo mmoja wa video alioupenda, wa kobe anayeshuka visima saba kumtafuta mwanawe. Kisima cha tatu kilikuwa na muziki ambao, kwa maneno yake, haujawahi kumtoka kichwani. Sasa ni mtu mzima, ana mke, ana karakana chumba cha mbele, ndipo akajifundisha kwenye kompyuta jinsi ya kuuchukua muziki ule na kuutengeneza upya: anaongeza ngoma, anaongeza vinanda, anabadilisha mwendo. Akanieleza kwamba hiyo inaitwa rimiksi, na kwamba mtandaoni kuna kikundi cha watu wazima na akili zao, kazi yao ni rimiksi za michezo ya video tu.

Ilimchukua miezi mitatu. Wateja walikuwa wanakuta friji zao zimefunguliwa matumbo na fundi kavaa hedifoni, anatikisa kichwa.

Dada yangu, mke wake, hushona mapazia. Cherehani yake ilikuwa chumba cha kati, na kati yake na karakana palikuwa na pazia tu. Dada huimba akishona. Si maneno, mdomo ameufumba, pini zimejaa midomoni, sauti inatokea puani na kifuani. Tulipokuwa wadogo tukilala kitanda kimoja nilikuwa nampiga teke anyamaze. Basi siku moja shemeji alitaka mlio wa chuma. Akachukua rafu ya friji, ile ya waya, akaining'iniza kwa kamba, akawa anaigonga kwa bisibisi mbele ya maikrofoni. Upande wa pili dada anapinda bitana, anaimba. Maikrofoni ikabeba vyote viwili. Shemeji hakugundua, au aligundua akaona uvivu kurudia.

Kila Jumamosi alasiri mwenye kile kikundi, anayejiita Sikio, hupiga kazi za wanachama hewani na kutoa maoni hapo hapo, watu wote wakisikiliza. Ilipofika zamu ya shemeji, alimtangazia kila mtu, mpaka wateja. Mimi niko duka la dawa, siku hiyo nilikuwa kazini. Nikamwambia nitasikiliza baadaye. Kusema kweli nikasahau.

Yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa dada. Shemeji alijifungia na hedifoni zake karibu saa nzima. Alipotoka, dada alikuwa amemwekea chai.

"Haya, wamesemaje?"

"Wameipenda," akasema. "Ila kuna kelele nyuma. Sauti ya mwanamke. Wamesema imeharibu kila kitu."

"Yangu?"

"Kuna mwanamke mwingine humu ndani?"

Dada akamwomba radhi. Chai ikapoa. Kesho yake akaihamishia cherehani uani, karibu na mapipa ya maji, na tangu siku hiyo akawa anashona kimya.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kuchukua pazia langu. Nilimkuta uani, peku, ananyata kwenye nyumba yake mwenyewe. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Shemeji yako anafanya kazi. Nilimharibia ile ya kwanza, sitaki nimharibie na hii."

"Umemharibia vipi?"

Akanihadithia. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimesikiliza. Nikatoa simu, nikatafuta rekodi ya ile Jumamosi, ikapatikana. Laiti ningesikiliza kwanza peke yangu. Lakini nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikaweka simu kati yetu, nikabonyeza.

Muziki haukufika dakika moja, Sikio akaukata. "Ndugu yangu, simama. Hizi ngoma ulizirekodi watu wakihamisha kabati ngazini?" Kicheko. "Huyu ni kobe. Anatembea taratibu, ana huzuni, anatafuta mtoto. Wewe umemfukuza na pikipiki." Watu wakawa wanaandika maoni, na Sikio anayasoma moja moja kwa raha zake. Mmoja aliandika kwamba friji ya kwao inalia vizuri zaidi. Hakujua anamwambia nani.

Nikataka kuzima. Dada akanishika mkono.

Sikio akauachia tena muziki, kwa kejeli, ili watu waendelee kucheka. Ngoma zikakatika, chuma kikalia, na nyuma ya chuma ikatokea ile sauti. Sekunde nne, labda tano.

"Ngoja," akasema Sikio. "Ngoja, ngoja." Akarudisha. Akarudisha tena. Hakuwa anacheka. "Huyu ni nani? Jamani, sikilizeni anavyoshuka pale. Hata hajui anarekodiwa huyu mama. Ndugu yangu, ushauri wangu ni mmoja: futa kila ulichofanya, mwache yeye."

Watu wakaandika: tuleteeni mama, mama, mama, mama. Kisha Sikio akasoma jibu la shemeji mwenyewe. "Anasema si mtu. Anasema ni sauti ya kompyuta tu." Halafu akamjibu: "Basi kompyuta yako ina kipaji kukushinda."

Dada alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye pindo la pazia langu.

"Rudisha hapo aliposema kompyuta," akaniambia.

Nikarudisha.

"Haya. Zima. Na usimwambie kitu."

Nilidhani atalia au atagomba. Aliendelea kushona, kimya vilevile.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuwa amemaliza rimiksi ya pili, ya kisima cha tano. Akatuita sebuleni. Alikuwepo mama yake mzazi, alikuwepo fundi mwenzake wa majiko ya gesi, nilikuwepo mimi. Ikapigwa yote. Fundi wa majiko akasema, "Kali hii, kaka." Mama yake akasema ni nzuri, mwanangu, ina vishindo tu kidogo. Shemeji akamgeukia mkewe, kwa mazoea tu, maana jibu la dada siku zote lilikuwa lile lile.

"Na wewe, mama watoto? Umeionaje?"

"Nikwambie kweli?"

"Niambie."

Dada akaweka kikombe chini. Alisema taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa chake hakitoshi dirisha.

"Ngoma inawahi. Wimbo haujavuta hata pumzi, ngoma imeshafika. Ile kengele umeipiga mara sita. Ya kwanza nilishtuka, ya pili nikafurahi, hizo nne ulikuwa unajisifu. Vinanda vyote vinasema neno moja kwa wakati mmoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Na katikati, ulipoona umeishiwa, umeongeza sauti. Watu wakiishiwa ndivyo wanavyofanya."

Fundi wa majiko alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Pale katikati ilitakiwa hivi," akasema dada, akafumba mdomo, akaimba. Pumzi mbili tatu tu. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo ana kwa ana kwa wiki kadhaa.

"Ehee! Hapo sasa," mama mkwe akadakia, bila ubaya wowote. "Mwanangu, si ungeweka hivyo tu?"

Shemeji alikuwa amekunja uso. "Nani kakufundisha hayo?"

"Kompyuta," akasema dada.

Akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Akaifunga kompyuta, akaenda karakana. Tukasikia anaburuta friji ambayo haikuwa na haja ya kuburutwa.

Hajatengeneza rimiksi nyingine tangu hapo, na mimi hanisemeshi. Friji yangu ilipokufa nilimpelekea fundi wa mtaa mwingine. Dada ameirudisha cherehani chumba cha kati, ila haimbi. Mara mbili shemeji amemletea maikrofoni na kuiweka mezani bila kusema neno, na mara mbili dada ameisogeza apate pa kukunjulia kitambaa.

Juzi tulikuwa tunapeleka mapazia kwa mteja, kila mmoja na furushi lake. Tukiwa njiani akasema ghafla, bila mimi kuuliza:

"Ule mwisho wa rimiksi yake ya pili, unaukumbuka? Pale vinanda vinapoondoka kimoja kimoja, kinabaki kile kidogo?"

"Siukumbuki."

"Ulikuwa mzuri. Mzuri sana. Sijui aliutoa wapi."

"Mbona hukumwambia?"

Akabadilisha furushi bega.

"Neno nilikuwa nalo mdomoni," akasema. "Nikalimeza."

"Utamwambia?"

"Hapana," akasema, akaongeza mwendo, maana mteja alikuwa amesimama mlangoni, anatusubiri.