Wimbo Uliohamishwa

Saa nne asubuhi, Alhamisi ya wiki ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, wimbo wa Kitamil ulianza kupigwa sebuleni kwa mdogo wangu Elirehema, huko Olasiti, nami nikiwa jikoni nikaacha kumenya viazi. Ilisikika kwanza sauti ya mwanamume, peke yake. Ikafuata zumari. Kisha ngoma moja, ikipigwa kwa vidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Nilisimama na kisu mkononi mpaka ubeti wa pili ukaisha. Wimbo niliujua. Kilichonishika ni alichosema Elirehema alipotoka sebuleni: huo ndio atakaoingia nao ukumbini Jumamosi, yeye na baba.

Nilisoma kemia Coimbatore, kusini mwa India. Mwenzangu wa chumba cha hosteli alikuwa binti wa wakulima kama mimi, na kila Jumapili alinipeleka sinema kwa sharti kwamba nisiulize kitu mpaka picha iishe. Mwaka wa kwanza niliishia kuangalia nguo na mvua. Mwaka wa pili nilianza kucheka pamoja na watu. Niliporudi Arusha kufanya kazi kwenye maabara ya maji nilikuwa na shahada, madoa ya manjano kwenye makoti mawili, na nyimbo ambazo hakuna mtu wa kuzizungumzia naye.

Bado nazisikiliza kazini, ninaposubiri kipimo kitulie. Napenda namna wimbo wa kule usivyokuwa na haraka ya kufika kwenye kiitikio. Mwimbaji huishika sauti moja akaizungusha na kuizungusha, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia. Hans, ambaye meza yake inapakana na yangu, husema siku nikiolewa mimi wageni watakula, wataondoka, na wimbo wangu utakuwa bado haujaanza.

Filamu yenye wimbo ule niliiona Coimbatore, nzima. Mkulima amekumbwa na ukame, na binti yake anaolewa. Anamuuza ng'ombe wake wa kulimia. Mnunuzi anatangulia na kamba, ng'ombe katikati, mkulima nyuma, wakivuka mto uliokauka, na wimbo unaimbwa hapo. Anaimbiwa ng'ombe. Hakuna binti katika wimbo ule, wala harusi.

Nikamuuliza Elirehema filamu aliiona wapi. Akasema kwa Dismasi, kila mtu ameiona kwa Dismasi, na ule ni wimbo wa baba anayemsindikiza mwanawe kwa mume.

Dismasi ana banda la video jirani na soko, na sauti yake inajulikana Olasiti kuliko uso wake. Hupata filamu za Kihindi, huzikatakata, huzisemea kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, sauti ya jambazi yeye, ya bibi yeye, kisha huziuza kwenye flashi. Mchana ule nilikwenda kwake, maana sikutaka kumwambia mdogo wangu jambo ambalo sijalihakikisha. Alinikaribisha kiti. Hakukana lolote.

"Ng'ombe analia kwenye ile picha, dada, wee, analia mpaka nikachoka mimi ninayelipwa," alisema. "Sasa mtu wa hapa umkalishe amtazame ng'ombe analia? Kila mtu ana wa kwao. Nikamkata. Ila wimbo ulikuwa mtamu, kuutupa nikaona dhambi. Nikauhamishia kwa binti."

"Na yale maneno uliyoweka? Nenda mwanangu, nyumba hii bado ni yako?"

"Hayo ni yangu," alisema, na nadhani alijivunia.

Nilirudi na kumweleza Elirehema kama ninavyowaeleza wanakijiji majibu ya kisima chao: nilichokikuta, namna nilivyokipata, na maana yake. Alikuwa ameketi na rola kichwani, akichagua hereni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo naingia ukumbini kama ng'ombe anayepelekwa mnadani," alisema.

Sikuona njia nzuri zaidi ya kulisema.

"Mbele ya wakwe. Ambao ndio walioleta ng'ombe."

Walikuwa wameleta kweli, miezi mitatu nyuma, kutoka Oldonyo Sambu, na mzee Yiamat, baba wa mchumba wake Sironka, aliwataja mmoja mmoja kwa rangi kabla hajawakabidhi. Elirehema aliweka hereni chini, akasema hata hivyo hakuna ajuaye Kitamil ukumbini isipokuwa mimi, na mimi naweza kufunga mdomo. Kisha tukakumbuka wote wawili kwa pamoja. Sironka ni msimamizi kwenye shamba la maua. Meneja wake anatoka Coimbatore, tena tulishawahi kusalimiana kwa lugha ya kwao getini. Kadi yake na ya mkewe zilikuwa zimeshapelekwa.

Kubadilisha wimbo lilikuwa jambo la dakika moja. Tatizo lilikuwa baba. Tangu mama afariki hakuwa ameingia kwenye sherehe yoyote. Sendofu ya binamu yetu alituma mbuzi, yeye akabaki kijijini Kikwe. Kwa hii alikuwa amekubali kuja na kukaa meza ya mbele. Kuingia ukumbini akitazamwa alikataa, akasema shangazi atamshika Elirehema mkono. Mpaka siku mdogo wangu alipompelekea flashi ya Dismasi. Baba alitazama filamu yote, akaomba wimbo urudiwe, akasema, "Huo nautembea." Nyimbo nyingine zote aliziita mbio.

"Ukimwambia, hatatembea," Elirehema alisema. "Usipomwambia, atatembea na meneja atamcheka, na baba atakuja kujua, maana hapa mjini kila kitu kinajulikana." Akaanza kuvua rola moja moja, ingawa nywele zilikuwa hazijakauka. "Nenda wewe. Mimi siwezi kumwangalia akisema hapana."

Nilifika Kikwe asubuhi ya Ijumaa. Baba alikuwa shambani akifunga nyanya kwenye miti kwa kamba za migomba. Nilimwamkia, akaitikia bila kunyanyuka, akanionyesha mche wa kushika. Tulifunga mstari mmoja kwanza. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, hivyo hakukuwa na hali ya hewa ya kuzungumzia. Nikamwambia.

Alimaliza fundo alilokuwa nalo. Akauliza huyo ng'ombe alikuwa wa namna gani. Nikasema mweupe, pembe ndefu, wa kulimia. Akauliza kama mwenye ng'ombe aliwahi kumchapa kwenye picha. Nikasema hapana.

"Niambie maneno. Siyo ya yule wa Olasiti. Yenyewe."

Sikuwa nimewahi kuufasiri wimbo wowote kwa sauti, kwa mtu yeyote. Kichwani mwangu zile nyimbo zilikaa zilivyo, na Kiswahili kilikaa upande wake. Nilianza vibaya, nikarudia. Nilimwambia kwamba kule, baada ya mavuno, watu huwapaka ng'ombe rangi kwenye pembe, na mkulima anaimba: pembe zako nilizipaka mimi, mwaka huu atazipaka nani. Shamba linajua kwato zako kuliko miguu yangu. Usigeuke, ukigeuka nitaita jina lako, na nikiita utarudi, na ukirudi sina cha kukupa. Ubeti wa mwisho anaita jina.

"Anaita?"

"Anaita."

"Na ng'ombe anageuka?"

"Hapana. Picha inakatika hapo."

Baba alikata kamba nyingine, akaipima kwa mkono, hakuifunga.

"Mwaka ule ulipokwenda India nilimuuza yule mweusi," alisema. "Watu walitaka kuja kumchukua hapa nyumbani. Nikasema hapana, nampeleka mwenyewe mnadani. Njia nzima tulikwenda sikumwambia kitu. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema kitu."

Nilijua kwamba ng'ombe aliuzwa. Yule mweusi alikuwa na doa kifuani na alikuwa akinilamba mkono ninapobeba ndoo. Sikujua nani alimpeleka, kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa nashughulikia viza.

Nikamwambia habari za meneja wa maua, kwamba atakuwepo, na kwamba ataelewa kila neno.

"Basi atakuwepo mmoja anayeelewa," alisema baba. "Wimbo ubaki. Shika mche huo, unalala."

Jioni nilimpigia Elirehema nikamwambia alichosema, kwa mpangilio alioutumia. Akaniuliza kama baba ana viatu vyeusi. Nikasema anavyo.

Ukumbi ulikuwa wa Olasiti, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na mafundo ya zambarau. Upande wa kulia walikaa watu wa Oldonyo Sambu, mzee Yiamat mbele na fimbo yake imelazwa juu ya magoti. Meneja wa shamba la maua na mkewe walikaa meza ya tatu. Mshereheshaji, Philemoni, alitangaza kwamba bibi harusi wetu anaingia na baba mzazi, akaomba makofi na vigelegele. Vikapigwa. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza, peke yake, bila maneno ya Dismasi juu yake, na watu wakapunguza makofi kwa sababu hapakuwa na mdundo wa kuyashikilia.

Baba alitembea taratibu, koti limefungwa vifungo vyote. Elirehema alimshika mkono, hakucheza, alitembea tu. Simu zilikuwa juu. Mimi sikuwatazama wao. Nilimtazama meneja.

Ubeti wa kwanza aliacha kutafuna. Wa pili alimgeukia mkewe akamwambia neno, na mkewe akaweka kijiko chini. Mwimbaji alipofika pale anapoita jina, meneja alisogeza kiti nyuma akasimama, wima, mikono imeshuka ubavuni. Mkewe naye akasimama.

Mzee Yiamat aliwaona. Alimtazama yule mgeni, akamtazama baba anakuja na binti, na nadhani alihesabu kwamba hiyo ni desturi ambayo hakuelezwa. Akashika fimbo, akasimama. Meza yake yote ikasimama. Wakasimama na wa upande wetu, shangazi zangu, wanakwaya wa Kikwe, watu wa maabara, hata wapishi kule nyuma, mpaka akabaki ameketi Philemoni peke yake na kipaza sauti chake, naye akainuka.

Baba hakugeuza kichwa. Alimfikisha Elirehema mbele, akauachia mkono wake, akakaa kwenye kiti chake. Wimbo ukaisha. Philemoni akaomba watu wakae, wakakaa.